Rudisheni sauti, lakini msiifunike: juu ya wapenzi wanaobadili muziki wa michezo ya zamani

Leo siandiki juu ya muhogo wala juu ya kazi zisizopatikana. Naandika juu ya sauti. Wengi kati yetu tunacheza katika telefone ile michezo ya zamani ya konsoli yenye hadithi ndefu: Final Fantasy VI, Chrono Trigger, Final Fantasy VII. Tunaicheza usiku, batri ikiwa imejaa jua la mchana, na wengine tumejifunzia Kifaransa au Kiingereza humo kuliko darasani. Lakini ni wachache wanaojua kwamba huko duniani kuna vijana kama sisi, hawalipwi hata franga moja, wanaofungua michezo hiyo na kubadili sauti yake. Wanatoa muziki wa zamani, wanaweka mwingine. Wanawapa maneno ya kusikika watu ambao tangu mwanzo walikuwa bubu.

Nitasema wazo langu mapema, ili asiye na mega za kutosha asome hapa aishie. Kazi hiyo ni ya aina tatu. Ya kwanza ni kurudisha sauti iliyoharibiwa. Ya pili ni kuweka muziki mkubwa mahali pa muziki mdogo. Ya tatu ni kuongeza sauti za watu. Ya kwanza naisifu bila masharti. Ya pili mara nyingi inapendeza sikio na kuumiza hadithi. Ya tatu ndiyo ngumu kupita zote, na ndiyo inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili.

Tuanze na mashine yenyewe, kwa sababu bila kujua udongo huwezi kuhukumu mavuno. Konsoli ya Super Famicom ya Nintendo ilitoka Japani mwaka 1990. Sehemu yake ya sauti ilitengenezwa na Sony, chini ya mkono wa Ken Kutaragi, yuleyule ambaye baadaye alileta PlayStation. Sehemu hiyo ilikuwa na chaneli 8 na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Picha moja unayotumiwa kwenye WhatsApp inaweza kuzidi hapo. Ndani ya hizo kilobaiti 64 ilibidi ziingie ngoma, fidla, filimbi, programu yenyewe ya kupiga muziki, na milio ya mapanga na milango. Ukifanya hesabu, hata kama ungeijaza kumbukumbu yote kwa sauti ya mwimbaji mmoja, kwa kiwango kamili cha mashine ile, ungepata sekunde zisizofika 4. Halafu hizo chaneli 8 zilikuwa za wote: mlio wa panga ukihitaji nafasi, chombo kimoja cha muziki kilinyamaza kidogo ili upite.

Katika shamba dogo kama hilo Nobuo Uematsu alipanda muziki wa Final Fantasy VI, iliyotoka mwaka 1994. Kaseti nzima ilikuwa megabaiti 3. Na bado yeye na wenzake wakathubutu kuweka opera. Waliocheza wanakumbuka: Celes, aliyekuwa jenerali wa jeshi, anachukua nafasi ya mwimbaji anayeitwa Maria, anapanda jukwaani na kuimba. Lakini anaimba vipi bila koo? Wametengeneza sauti moja inayofanana na ya mtu, kama mtu anayeimba mdomo umefungwa, na maneno yanapita kwenye kioo. Kabla ya hapo mchezaji amepewa kitabu cha maneno asome. Akifika jukwaani, ni yeye anayechagua mstari unaofuata. Akikosea mara nyingi, onyesho linavunjika.

Hapo naomba tusimame kidogo. Watu husema opera hiyo haina sauti kwa sababu mashine ilikuwa maskini. Ni kweli nusu. Mwaka 1995 mchezo wa Tales of Phantasia, kwenye konsoli ileile, ulifunguliwa kwa wimbo ulioimbwa na mtu kabisa, lakini kaseti yake ilikuwa megabaiti 6, mara mbili ya ile. Basi haikuwa haiwezekani. Ilikuwa ghali. Na waliofanya opera ya Celes, wakiwa katika umaskini ule, walitumia ukosefu wa sauti kama kazi: kwa kuwa Celes hasikiki maneno, mchezaji ndiye anayeyashika kichwani. Wewe ndiye unayeogopa kusahau. Mwimbaji ni wewe.

Sasa tuje kwa aina ya kwanza ya mabadiliko. Mwaka 2006 Final Fantasy VI ilitolewa tena Japani kwa mashine ndogo ya mkononi, Game Boy Advance. Picha zilikuwa nzuri, tafsiri ilikuwa imetengenezwa upya, lakini sauti iliteremka. Sababu yake ni ya kiufundi: mashine ile ndogo haikuwa na sehemu ya sauti ya namna ya Super Famicom. Ubongo uleule unaoendesha mchezo ndio uliolazimika pia kuchanganya muziki, na kuupitisha katika njia mbili nyembamba za biti 8. Ukisikiliza kwa ekuteri unasikia mchanga ndani ya fidla. Ndipo wapenzi wakaketi na kuandika kiraka, faili dogo linaloingia katika mchezo na kurudisha vyombo karibu na vile vya mwaka 1994. Walifanya hivyo pia kwa Final Fantasy IV na V za mashine ileile.

Kazi hiyo naiheshimu sana, kwa sababu haina kiburi. Mwenye kuifanya hajiulizi, "Ningependa isikike namna gani?" Anajiuliza, "Ilisikika namna gani?" Ni kama mtu anayerudisha mbegu ya zamani iliyokuwa inapotea kijijini. Hakuna atakayemshangilia barabarani, lakini watu watakula.

Aina ya pili ina kelele zaidi. Kuna ufundi unaoitwa MSU-1, uliobuniwa na byuu, mtengenezaji wa bsnes, programu maarufu ya kuiga Super Famicom. MSU-1 ni kama kuiambia konsoli ya zamani kwamba ina CD pembeni. Mchezo ukifika mahali pa kupiga wimbo, haupigi tena kwa zile kilobaiti 64, unachukua rekodi kamili kutoka faili la nje, yenye ubora wa CD. Dakika moja ya rekodi ya namna hiyo ni zaidi ya megabaiti 10. Yaani dakika moja ya muziki mpya inazidi mara tatu mchezo wote wa Final Fantasy VI pamoja na milima yake, majoka yake na opera yake.

Mara ya kwanza ukiisikia, ngozi inasisimka, siwezi kukataa. Fidla ni fidla. Ogani ya pambano la mwisho na Kefka inakujaza kifua kama uko katika kanisa kubwa. Lakini cheza saa tatu, si dakika tatu. Utaanza kusikia mambo mawili.

La kwanza: muziki umekuwa wa CD, lakini milio mingine imebaki ileile. Panga linagonga kwa sauti fupi ya mwaka 1994 mbele ya orkesta ya watu 80. Zamani vyote vilitoka katika chungu kimoja, ndiyo maana vilipatana. Sasa ni kama kuvaa koti la harusi na kandambili. Aliyechagua muziki amesahau kwamba sauti ya mchezo ni mlo mzima, siyo nyama peke yake.

La pili ni wakati. Mwanzo wa Final Fantasy VI unaonyesha mashine tatu za vita zikitembea polepole katika theluji kuelekea Narshe, na majina ya watengenezaji yanapita. Muziki na hatua hizo vilipimwa pamoja. Mpenzi akiweka rekodi ya orkesta iliyopigwa kwa ajili ya ukumbi, rekodi hiyo ina mapumziko yake, ina mahali inapovuta pumzi, ina mwisho wake. Theluji haiisubiri. Wimbo unafika kileleni wakati kwenye kioo hakuna kinachotokea, au unakatwa kabla haujafika. Na muziki wa kijiji au wa pango lazima uzunguke bila mwisho, kwa sababu hakuna ajuaye utakaa humo dakika mbili au saa moja. Rekodi ya ukumbi haikuzaliwa kuzunguka. Waliofanya vizuri, na wapo, wamekata na kushona kila wimbo kwa mkono hadi mshono hausikiki. Waliofanya vibaya wamemwaga tu mafaili ndani.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Kiraka chenyewe ni cha heshima: kinabeba tofauti peke yake, hakibebi mchezo wa mtu. Lakini furushi la muziki linaloingia pamoja nacho mara nyingi ni rekodi za watu: orkesta fulani, mpiga piano fulani, kijana fulani aliyepanga wimbo upya chumbani mwake. Mara nyingine majina yao yameandikwa, mara nyingine hapana. Sisi tunalijua jambo hili. Nyimbo za waimbaji wa kwetu zinapita kutoka kadi ya memori hadi kadi ya memori, kutoka Kasongo hadi Kabambare, na kwenye faili imeandikwa "Track 07". Mtu ameimba kwa jasho lake, amebaki namba.

Sasa aina ya tatu, sauti za watu. Hapa niwaombe tusijifanye wageni, maana katika upande wetu wa Afrika kubadili sauti ya kazi ya mwingine ni ufundi wa zamani. Tanzania walikuwa na Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, mtu mmoja akifanya mume, mke, polisi na jambazi. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo na wenzake wanaosimulia kwa Kiganda. Kadi za filamu "zilizotafsiriwa" zinafika mpaka vibanda vya video vya huku kwetu, na vijana wanacheka kwa sauti ya msimulizi kuliko kwa sauti ya mchezaji filamu.

Mlisomi mmoja akisikia hayo anakunja uso: "Wanaharibu filamu." Mimi siko upande wake. Msimulizi wa filamu anafunika sauti ya asili, ndiyo, lakini hajifichi. Unamsikia yuko juu ya filamu, anatania, anakosoa hata mhusika anayemsemea. Hakuna mtoto atakayefikiri kwamba yule Mchina anaongea Kiswahili cha Nairobi. Ni watu wawili mezani: filamu na msimulizi, na mtazamaji anajua nani ni nani. Ndiyo maana kazi ile ina heshima yake.

Badiliko la sauti ndani ya mchezo ni kitu kingine. Linaingiza sauti katika kinywa cha mhusika na kusema: hii ndiyo sauti yake. Kwa Final Fantasy VII, mchezo wa mwaka 1997 usio na maneno ya kusikika, kundi la wapenzi linaloitwa Tsunamods limetengeneza Echo-S 7, kazi kubwa inayowapa sauti wahusika wa hadithi kwa msaada wa waigizaji wa kujitolea. Kama kazi ya mikono, ni ya kustaajabisha: maelfu ya mistari, watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja na maikrofoni yake. Na kwa mtu asiyeona vizuri, au anayesoma polepole, ni mlango uliofunguliwa. Lakini inachukua kitu. Zamani Cloud alikuwa na sauti uliyompa wewe. Mimi kichwani mwangu nilimsikia kwa sauti ya kaka yangu mkubwa, mkali nje, mpole ndani. Sasa kuna mtu mmoja huko mbali aliyeamua kwa ajili yetu wote. Bora huyo ni mtu, na amekubali. Siku hizi kuna mabadiliko yanayotumia akili bandia kuiga sauti ya mwigizaji bila kumwuliza. Hayo siyajadili kama sanaa. Ni kuchukua kitu cha mwenyewe angali hai.

Kampuni zenyewe zimeona njaa hii. Mwaka 2022 Square Enix ilitoa Final Fantasy VI upya katika mfululizo wa Pixel Remaster, na opera ya Celes sasa inaimbwa kweli, katika lugha 7: Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani, Kihispania na Kikorea. Hesabuni tena. Kiswahili hakimo, na hakuna Mwafrika mwenye lugha ya Afrika humo. Siwalaumu, wao wanahesabu soko. Lakini hapo ndipo kazi ya mpenzi inapoacha kuwa mchezo wa watoto. Kile ambacho kampuni haitafanya kwa ajili yetu, tunaweza kukifanya wenyewe.

Wakati wa kiangazi kilichopita, mimi na vijana watatu tulijaribu. Hatukugusa mchezo, tuliketi tu na telefone mbili: moja inapiga muziki wa opera wa zamani, nyingine inarekodi. Dada mmoja wa kwaya aliimba maneno tuliyoandika wenyewe. Hapo nikajifunza kuhusu lugha yetu mambo ambayo miaka mitano ya agronomia haikunifundisha. Kiswahili kinapenda kuimbwa, karibu kila neno linaishia kwa irabu, noti ndefu inapata pa kulala. Lakini maneno yetu ni marefu. Mfaransa anasema kwa silabi nne kwamba atakungojea. Sisi tukiandika "nitakusubiri" ni silabi sita, na uzito uko kwenye "bi". Muziki wa Uematsu haungoji. Uzito wa neno ukiangukia mahali pepesi pa wimbo, neno linachechemea na msikilizaji anacheka bila kujua sababu.

Tukajaribu "nitakungoya", kama tunavyosema nyumbani. Silabi tano, na uzito ukaangukia noti ndefu. Wadogo waliokuwa wanasikiliza mlangoni waliponyamaza, nikajua limeingia. Kabla ya hapo mmoja alikuwa ameuliza, "Yaya, huyu anaimba ao anasoma habari za radio?" Swali hilo ni ukosoaji mzuri kuliko makala yangu yote. Kiswahili cha vitabu kina heshima yake na hata "ngoja" ya vitabu ingetosha silabi, lakini masikio ya Lusangi yanamjua mtu anayesema "ngoya". Kasongo imesikia Kiswahili tangu siku za waungwana na Tippu Tip, katika karne ya 19. Lugha hii tumeirithi katika historia ngumu, ya biashara na ya minyororo, nasi tumeifanya yetu. Celes akiimba kwa Kiswahili, aimbe kwa kipi? Cha Zanzibar, cha Nairobi, cha Bukavu, cha Maniema? Na mwenye kusema Kibangubangu kule Kabambare, atauliza lini swali lake?

Jibu langu linatoka shambani. Mbegu mpya za muhogo zilipoletwa kwa sababu ya ugonjwa wa mosaiki, kuna wakulima walioona mavuno yamepanda lakini wakalalamikia ladha ya unga. Mkulima mwenye akili hakukataa mbegu mpya, wala hakung'oa yote ya zamani. Alipanda mistari miwili. Ndivyo ninavyotaka kazi hizi zihukumiwe. Je, mchezaji anaweza kurudi kwenye sauti ya asili kwa kubonyeza mara moja? Square Enix wenyewe, walipopeleka Pixel Remaster kwenye konsoli mwaka 2023, waliweka chaguo la kurudi kwenye muziki wa zamani. Wamekubali mistari miwili. Je, sauti mpya inapatana na milio iliyobaki na wakati wa hadithi? Je, majina ya waliopiga na walioimba yameandikwa? Na je, mchezaji amebakiziwa kazi yake? Opera ambayo Celes anaimba kila kitu na mimi nakaa nikitazama ni nzuri, lakini siyo opera ile niliyoogopa kusahau maneno yake.

Kwa vipimo hivyo, viraka vya Game Boy Advance vinapita vyote. Mafurushi mengi ya MSU-1 yanapita kipimo cha kwanza, kwa sababu ukiondoa furushi mchezo unabaki na sauti yake, lakini yanaanguka kwenye cha pili na cha tatu. Echo-S 7 inapita kwa majina na kwa chaguo, inabaki na deni kwenye kazi ya mchezaji. Opera yetu ya telefone mbili bado haina haki ya kuhukumiwa, ni sekunde 40 tu. Ila jina la dada aliyeimba liko mbele ya faili, kabla ya jina la mtu mwingine yeyote, naye mwenyewe ndiye aliyeamua nani atumiwe.

Wenye masikio na wenye ujuzi wa kompyuta mko wengi kwenye ukurasa huu, Kindu, Bukavu, Lubumbashi, hata walioko nje. Nauliza: kama tungechagua onyesho moja tu la mchezo wa zamani tulipe sauti ya kwetu, mngechagua lipi, na lizungumze Kiswahili cha nani? Andikeni chini. Na atakayesema "cha wote" atuandikie mstari mmoja wa mfano, tuusikie.